Vyeupe Bila vya Njano

Jumatatu, 22 Machi 1993
Bilonda amepewa tena mstari wa mbele wa korali. Mimi nyuma, jasho mpaka blauzi imenishika mgongo. Miaka hamsini na nne, mwezi niliacha kuuona zamani, kilichobaki ni huu moto! Dawa za homoni alizonipa Mama Mushiya, nesi jirani yangu, zinasaidia: vidonge vyeupe vinazima moto, vya njano vinalinda kizazi. Alisema nisivitenganishe kamwe. Jana vijana walimfukuza nyumbani kwake kwa sababu ni Mukasai, asili yake mkoa mwingine. Mi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka hata kusema pole. Nasikia haya, bana.

Ijumaa, 26 Machi
Akili imenijia! Vya njano vinanivimbisha tumbo, vya nini? Nimemwambia Bilonda vinalainisha sauti. Amevichukua vyote, ameniachia mstari wa mbele mpaka Pasaka. Mimi vyeupe tu. Nani ataniweza!

Jumatano, 31 Machi
Bilonda anasinzia mazoezini, vya njano vimemlevya. Safi kabisa. Ila mimi nimeona damu. Damu, kwa umri huu! Nimemdanganya Kisimba, mume wangu, kwamba nimerudi usichana. Akaenda kujisifu baa. Sasa wanaume wa Manika yote, mtaa wetu mzima, wananipongeza, na mi naogopa. Kama ni kansa?

Alhamisi, 1 Aprili
Nimekwenda gare, stesheni ya treni, ambako Bakasai waliofukuzwa wanalala chini wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Mama Mushiya alikuwa anakoroga uji. Nilijifanya napita tu. Akaniuliza batoto wazima? Nikalia. Nikamwambia yote, isipokuwa pazia. Alisema vyeupe peke yake vinakuza ngozi ya ndani ya kizazi, na ikikua bila kuzuiwa inaweza kuleta kansa. Niviache, nipimwe haraka. Kisha akasema siku ile aliniona dirishani. Akanipa uji. Yesu Maria, nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 10 Aprili
Daktari amenipima, hakuona ubaya. Amekataza vyeupe bila vya njano. Nimeapa kwa jina la mama yangu sitavigusa. Asubuhi treni imeondoka na Mama Mushiya. Nilitaka kumpelekea unga wa njiani. Nikachelewa, nilikuwa napiga pasi sare ya korali. Nasikia haya hata kuandika. Moto umerudi, mkali kuliko mwanzo. Na kesho ni Pasaka, mstari wa mbele, kanisa zima linaniangalia! Hapa mtaani hakuna tena wa kunigombeza. Nimemeza cheupe kimoja tu. Cha kesho nimekifunga kwenye leso.