Jozi Nyeusi Iliyovuka Barabara

Sikilizeni, enyi mliovaa viatu, nanyi mliovivua chini ya meza kwa kuwa vinawabana! Sogezeni viti, zimeni simu, na mwenye kikohozi na akohoe sasa hivi, kwa maana naleta habari za siku ile ambayo jozi moja nyeusi ilitekwa, ikavushwa barabara, kisha ikakombolewa kwa jasho la shemeji yangu, Fundi, Bwana wa Nyundo, Mtuliza Visigino, ambaye soli iliyobanduka ikisikia hatua zake hujirudisha yenyewe mahali pake. Mengi niliyaona kwa macho yangu, nikiwa kwa kinyozi nangoja zamu, na zamu hiyo naidai mpaka leo.

Jueni kwanza kwamba himaya yenyewe ni chumba kimoja chenye falme mbili. Kulia, penye zulia na rafu za kioo, anatawala dada yangu, Malkia wa Vipya, muuzaji wa viatu vya kiume vya ngozi halisi ambavyo havijawahi kuonja tope. Kushoto, dirishani kwenye mwanga, lipo benchi la mumewe, na juu yake misumari, uzi wa nta na makopo ya gundi. Dada husema harufu ya gundi inamfukuzia mabwana wa suti. Shemeji husema mabwana hao huletwa na kisigino kilicholegea, ndipo macho yao yanapoangukia vipya. Wameishi hivyo miaka mingi, kwa amani ya kununiana.

Asubuhi hiyo Malkia alisimama katikati ya zulia, mikono kiunoni, akatoa tamko.

"Baba watoto, nimevumilia vya kutosha. Juzi umemwaga gundi kwenye zulia langu. Jana umegonga nyundo mpaka mteja akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni. Leo likitokea jingine, hata dogo namna gani, hilo benchi linahamia uani, kwenye tangi la maji. Nimemaliza."

Uani! Kule nyuma ya ukuta, asikopita mtu wala mbwa! Shemeji aliinama akaendelea kupiga rangi. Aliumia sana, namjua, maana anapenda kazi yake ionekane kuliko anavyopenda kulipwa.

Na hapo ndipo ulipo udhaifu wa shujaa wetu. Kila amalizapo jozi, mkewe akigeuka, huinyanyua na kuiweka kwenye rafu ya vipya, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, atazame kama itajitetea katikati ya vijana. Siku hiyo alikuwa amemaliza viatu vya Mzee Tarishi, mpeleka barua mstaafu, ambaye alasiri angemwoza binti yake wa pekee. Mzee alivinunua dukani humo enzi za baba yetu, akavivaa siku alipomwoa mama wa binti huyo, marehemu sasa, na hakutaka kumsindikiza mtoto wake kwa viatu vingine. Shemeji alivitia soli mpya, kisigino kipya, bitana mpya, akavisugua hadi vikang'aa. Akaviweka rafuni, akavitazama, akaridhika. Kisha akaenda uani kunawa rangi mikononi.

Malkia naye ana desturi yake. Jozi yoyote anayoikuta rafuni bila bei, huibandikia karatasi ya bei chini ya soli. Alipita, akabandika. Mara akaingia Bwana Suti, afisa wa bima, mwenye miguu mipana na uso wa mateso, akajaribu jozi baada ya jozi, zote zikimng'ata. Alipotia mguu katika ile nyeusi, akafumba macho kwa raha. Akalipa, akatoka amevivaa, akavuka barabara kwenda kunyolewa.

Shemeji aliporudi, rafu ilikuwa na pengo.

"Mama watoto, ile nyeusi ya mwisho iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Ni ya Mzee Tarishi!"

Dada alishika kifua. Angeweza kutaja uani papo hapo, ila alimpa mumewe jozi mpya kabisa ya umbo lilelile na kipimo kilekile, akasema, "Yuko kwa kinyozi. Habari ya benchi baadaye. Kimbia!"

Enyi nyundo na koleo, nipeni maneno! Alitoka Mtuliza Visigino, aproni kifuani, jozi mpya kwapani, mkono mmoja chupa ya spiriti, mkono mwingine nyundo na kalibu, ule mguu wa mbao wa kutanulia viatu. Lori la matofali lilimpigia honi, naye akalinyooshea kalibu, likasimama. Aliingia kwa kinyozi akihema, akamkuta Bwana Suti amelazwa kitini, povu hadi masikioni.

"Mkubwa, samahani. Viatu ulivyovaa vina mwenyewe, na mwenyewe anamwoza binti yake leo."

"Fundi, usinichekeshe, kuna wembe hapa. Nimevilipia. Na nikwambie, tangu nianze kazi, hivi ndivyo viatu vya kwanza kunihurumia. Vile vipya vyenu vyote viliniuma hapa, kwenye kidole kidogo. Sivui."

"Havikuumi kwa sababu kuna mtu alishaumia kwa niaba yako. Nipe muda wa ndevu zako tu. Nikishindwa kukulainishia hivi vipya, baki na hivyo, mimi nitaenda kumwambia mzee mwenyewe."

Kinyozi akapapasa shavu la mteja. "Ndevu ngumu hizi, mkubwa. Itabidi nipitishe wembe mara mbili." Mimi na zamu yangu tukaguna.

Shemeji akapiga magoti juu ya nywele za watu. Akakipapasa kile kidole kidogo, akalowesha ngozi kwa spiriti mahali palepale, akatia kalibu, akainua nyundo. Lakini kiatu kiliteleza sakafuni, kikakimbia kama panya. Ndipo alipoingia Malkia, aliyeliacha duka lake wazi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kujifungua! Akapiga magoti naye, gauni safi juu ya nywele, akakibana kiatu kwa mikono miwili.

"Piga."

"Nitakuumiza vidole."

"Piga bwana, nyundo yako naijua."

Akapiga. Nilimwona shemeji akimtazama dada yangu kama siku alipokuja kuposa, nikageuza uso.

Povu liliposafishwa, Bwana Suti alivalishwa vile vipya, akasimama, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Kinyozi alizima redio.

"Havibani," akasema, kama mtu asiyeamini miguu yake.

Waliporudi mbio dukani na jozi ya mzee, nami nyuma yao, Mzee Tarishi alikuwa ameshafika, suti mwilini na kandambili miguuni. Alikipokea kiatu, akakigeuza, akaona karatasi.

"Hii bei ya nini?"

Dada akasogea mbele. "Mzee wangu, nilivikuta rafuni nikadhani vipya. Vimekwenda na mtu, tumevifuata."

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. "Usiibandue," akasema. "Nataka binti yangu aione." Akaondoka hivyo, na bei yake chini ya mguu.

Shemeji, mtu wa kutii amri, akaanza kukusanya makopo.

"Unakwenda wapi?"

"Uani. Ulisema likitokea jingine."

"Weka makopo chini." Dada akaondoa jozi mpya mwisho wa rafu, akafuta kioo kwa kanga. "Vilivyokwisha kutengenezwa utaviweka hapa. Ila ukiweka, niambie."

Basi na watangaze wavaa viatu wote, kwa watoto na wajukuu, kwamba siku hiyo mpaka kati ya vipya na vilivyotengenezwa ulivunjwa kwa shibiri moja ya kioo! Mimi nilirudi kwa kinyozi kudai haki yangu. Alikuwa amekwisha kufunga.