Sensa ya Hewa na Goti la Mama Mkwe

Gari linaweza kupitwa na lori, likavumilia. Linaweza kupitwa na baiskeli, likajisemea labda mwenye baiskeli ana dharura. Lakini gari la Spidi, Jumanne ile, kwenye mlima wa hospitali, lilipitwa na mama mkwe wake mwenye goti bovu!

Tena mama hakuwa akishindana na mtu. Maskini, alikuwa abiria.

Spidi ni jina alilojipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa ukarani katika ghala la magodoro, mahali ambapo hakuna chochote kinachokwenda mbio, basi majigambo yake yote ya mbio aliyawekea gari lake. "Hili likiondoka," alikuwa akisema, "kivuli chake kinaachwa kikitafuta njia!"

Jumanne, katikati ya mlima, kivuli ndicho kilichotangulia. Gari lilikoroma kama mtu aliyekabwa na kiazi. Spidi akakanyaga mafuta mpaka kiatu kikalia. Moshi mweusi ukatoka, mwendo ukagoma.

"Baba, nishushe hapa," mama mkwe alisema kwa upole. "Ninyooshe goti kidogo."

Akashuka, akajikongoja taratibu, hatua baada ya hatua. Spidi alipofika getini, mama alikuwa ameshachukua namba, ameshakaa kwenye benchi, na alikuwa anapiga soga na jirani yake.

"Umekujaje, mama?" daktari alimwuliza.

"Nusu kwa gari, nusu kwa miguu. Ile ya miguu ndiyo iliyonifikisha."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwambia arudi Ijumaa.

"Ijumaa usijisumbue, baba," mama akamwambia mkwewe wakati wa kurudi. "Nitamwomba mwanyumba wako."

Mwanyumba! Yule aliyeoa dada wa mke wake, mwenye pikapu ya kubebea mchanga, ambaye wakikutana humwuliza, "Gari linaendeleaje?" kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mahututi. Spidi akakamata usukani kwa mikono miwili.

"Mama, haki ya nani, Ijumaa utapaa!"

Nyumbani mke wake alimpokea kwa swali moja. "Baba watoto, ile taa ya njano pale mbele ya usukani inasema nini?"

"Ile ni ya kupendezesha."

"Imependeza miezi miwili sasa. Nenda kwa fundi."

Alikwenda, lakini alikwenda kama mkaguzi. Fundi alikuwa mama wa makamo, ovaroli imekunjwa mikono, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Fundi, nimeshalipima mwenyewe," Spidi alitangaza. "Injini imekufa. Shusha, weka nyingine."

"Kabla hatujazika, tumwulize mgonjwa," fundi alisema. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa. "Shida ni sensa."

"Sensa? Mimi nilishahesabiwa!"

"Si ya watu. Hii inahesabu hewa."

"Hewa!" Spidi akaangua kicheko. "Kitu cha bure kinahesabiwa cha nini?"

Fundi hakucheka. Alimfungulia boneti, akamwonyesha kidude kidogo kilichokaa kwenye bomba la hewa, mbele kidogo ya filta. Ndani yake, alimweleza, mna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hizo ndizo zinazoiambia injini hewa kiasi gani inaingia, ili nayo ijue imwage petroli kiasi gani. Zikichafuka, zinadanganya. Injini ikidanganywa, inakunywa vibaya, inakohoa, inaishiwa nguvu.

"Tazama," alisema, akachomoa waya wa sensa na kuwasha gari. Injini ikatulia.

Spidi akatoa macho. "Umelitengeneza kwa kung'oa?"

"Nimemnyamazisha mwongo tu. Sasa injini inakisia yenyewe, na makisio yake yana afadhali." Akazima, akafungua skrubu mbili, akaitoa sensa na kuiinua juani. Nyuzi zilimetameta kwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Na hii filta je? Si ya gari hili."

Hapo Spidi akavimba kama andazi. "Aaa! Hiyo ni filta ya magari ya mashindano! Wanasema uipake mafuta matone machache. Mimi si mtu wa matone. Nilimimina nusu chupa, kwa mikono yangu hii!"

Mtu aliyekuwa chini ya basi alitoa kichwa nje amwone mwenye mikono hiyo.

"Basi tumeshampata," fundi alisema. "Gari lako lina mafua, kaka, na aliyeliambukiza ni wewe."

Spidi alijaribu kuokoa heshima. Akachukua mswaki wa kusugulia plagi. "Lete niisugue, fundi. Dakika moja tu itang'aa."

"Weka chini! Ukigusa nyuzi hizo, utazikata, kisha utanunua sensa mpya!"

Akaweka. Fundi alichukua kopo la dawa ya sensa, akapuliza kwa mbali mara kumi hivi, akaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Akafunga filta ya karatasi, ya kawaida, isiyo na majivuno. Waya ukarudi, taa ya njano ikazimwa kwa kile kimashine. Gari likanguruma hadi njiwa wakaruka kutoka juu ya paa.

Ijumaa asubuhi Spidi alimkalisha mama mkwe kiti cha mbele kama malkia. Wakafika mlimani. Akakanyaga. Loo! Gari liliruka! Likapita lori. Likapita basi. Spidi akawa anaimba.

Mlima ulipokaribia kuisha, askari wa barabarani akanyoosha mkono.

Mtu mwingine angenywea. Spidi alishusha kioo huku meno yote thelathini na mawili yakiwa nje.

"Afande, nakiri! Themanini na tano, tena mlimani! Kibao cha hamsini nimekiona kwa macho yangu, nikakipita! Andika, afande, na mwandiko uwe mkubwa, kuna mwanyumba wangu nataka asome!"

Askari alimtazama, akamtazama mama, akamtazama tena Spidi.

"Ndugu, mimi nimekusimamisha kwa sababu mtandio wa mama umebanwa na mlango, unafagia barabara. Mwendo sijapima. Hata kipimo sina."

Akafungua kitabu chake polepole.

"Lakini kwa kuwa umekiri mwenyewe..."

"Afande, nilikuwa natania!" Spidi akageuka haraka. "Mama, mwambie! Si nilikuwa natania?"

Mama mkwe alikuwa anauvuta mtandio wake ndani, anaukung'uta vumbi.

"Alikuwa anatania, mwanangu," alimwambia askari. "Si themanini na tano. Mimi nilikuwa naangalia mshale. Ilikuwa tisini na nane."