Mnoa Visu wa Kitambaani

Jumatatu, 2 Julai 1956. Iringa.
Wiki ya tatu ya ndoa. Baridi ya mtaa wetu wa Mlandege inawatesa wengine. Mimi nina Tusajigwe wangu. Jioni nikampeleka ukumbi wa shule, Mwalimu Joachim anakoonyesha picha za sinema za nchi za mbali kwenye kitambaa cheupe. Leo ya Waitaliano: mnoa visu maskini anamsukuma mama yake mgonjwa kwenye mkokoteni mpaka kwa daktari. Silvester wa posta alitufasiria kwenye kipaza sauti. Picha tamu ajabu. Nililia. Kisha mke wangu akasema mnoa visu ana macho ya huruma, hajapata kuona mfano wake. Hajapata! Na haya yangu aliyoyatazama kanisani?

Jumanne, 3 Julai.
Chai haina sukari. Mke wangu alikuwa anawaza. Akasema picha inarudiwa kesho, twende tena. Nikakubali kwa sauti ya mume mwema.
Mchana nikamwendea Silvester. Koo limemkauka kwa baridi, kaniachia kipaza sauti na karatasi ya maelezo. Imeandikwa Kiingereza. Sikusoma sekondari bure.

Jumatano, 4 Julai.
Nikafasiri. Nikasema huyu ni mwizi wa visu, amewatoroka wake wawili, na kilichofunikwa mkokotenini ni mali ya magendo. Hapo mpumbavu yule wa kitambaani akapiga magoti, akambusu mama yake miguu. Bibi Evarista, jirani yetu, akauliza kutoka benchi la mbele tangu lini magendo yakawa na vidole. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akaomba nizimwe mimi, mashine iachwe.
Tusajigwe akasimama. Akaieleza picha yote ilivyo, bila karatasi, hadi mlangoni kwa daktari. Nikalia tena, kipaza sauti kikiwa wazi.
Njiani akaingiza mkono mfukoni mwa koti langu. Akasema, baba wee, unamwonea wivu mtu wa kitambaani, mtu asiyeweza hata kunichotea maji? Nikaapa kuacha. Mke wa dhahabu.

Alhamisi, 5 Julai.
Mwalimu Joachim kaja na shukrani nyingi. Anataka Tusajigwe awe mfasiri kuanzia Jumamosi. Picha ya Wajapani: mzee mjane, fundi wa miavuli. Kwa kuwa mke wangu hajui Kiingereza, mimi nitamsomea karatasi kwanza. Kaniamini. Nimeona fahari.

Ijumaa, 6 Julai.
Nilikusudia kusoma kwa uaminifu, Mungu shahidi. Lakini nilipofika kwenye jina la mzee tu, akaweka mkono kifuani akasema, maskini, mzee wa watu.
Karatasi inasema mzee ni mpole, hodari wa kupika samaki, na kila jioni huongea na picha ya marehemu mkewe.
Nimemsomea kwamba anakoroma, hapendi kuoga, na mkewe hakufa, alirudi kwao.
Kesho hatamtazama mara mbili.