Mbavu Mbili za Sungura

Jumatatu, 3 Juni

Fundi cherehani wa jirani amerudisha sabuni. Mbele za watu! Kasema eti sabuni ya maji ya mama imemfanya atokwe na vipele mpaka kwenye viwiko, na kama mama haamini ajitazame mikono yake mwenyewe. Mama alilipokea dumu, akaenda kukoroga pipa jingine. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Maneno makali ya kumjibu yule fundi yalinijia yote nikiwa chooni, nusu saa baadaye. Ndivyo nilivyo.

Lakini Jumamosi ni maonyesho ya sayansi shuleni. Nitathibitisha kwamba sabuni ya mama haidhuru ngozi. Kisayansi. Fundi atakoma. Na yule tunayemwita Profesa darasani kwetu, mwenye miwani isiyo na kazi, atakoma pia, yeye na volkano yake ya udongo ya kila mwaka.

Jumanne, 4 Juni

Kitabu kinasema viwandani sabuni hupimwa kwa sungura. Unamnyoa mbavu zote mbili. Ubavu mmoja unapaka sabuni, mwingine maji matupu, halafu unalinganisha wekundu. Alama sifuri ni salama, nne ni balaa. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha shule. Nusu nimeelewa, nusu nimeitikia kwa kichwa.

Sungura tunaye. Ni wa mdogo wangu wa kike, miaka sita, anamwita Bibi Harusi kwa weupe wake. Nilimwambia Bibi Harusi anapelekwa saluni. Akakubali, ila akataka kujua saluni gani inanyoa mbavu. Nimetumia mashine ya ndevu ya mjomba. Mateke manne, mkwaruzo mmoja (wangu). Kushoto sabuni, kulia maji. Mjomba asijue.

Jumatano, 5 Juni

Kushoto sifuri, kulia sifuri. Nilijua!

Jioni fundi kaja tena, safari hii na glovu za mpira. Kamwambia mama kwa sauti ya chini, shemeji, hizi ni za mke wangu, vaa unapokoroga. Mnafiki! Jumatatu matusi, Jumatano zawadi. Mama alizivaa. Akawa anakoroga taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Sikupenda. Mteja akikuta mpika sabuni anaogopa sabuni yake, atanunua nini?

Alhamisi, 6 Juni

Maafa. Ubavu wa kushoto mwekundu. Alama mbili. Haya, tatu. Nikakaa chini nikalia kidogo (hili libaki hapahapa). Bibi Harusi alijikunyata kwenye kona ya boksi, majani hakuyagusa. Nikamgeuza.

Kulia nako kwekundu! Sawasawa kabisa! Niliruka. Kama maji na sabuni vimeleta wekundu uleule, basi sabuni haina kosa kuzidi maji. Mkosaji ni mashine ya mjomba. Mjomba mwenyewe anajikuna kidevu tangu jana. Ushahidi wa pili!

Nikamkimbilia mama. Nikamwambia glovu avue, vipimo vimesema. Akaniuliza nina hakika? Nikasema asilimia mia. Akazivua, akazitundika msumarini. Kisha akatabasamu, na wiki nzima sikuwa nimemwona akitabasamu. Akasema msomi wake amemtetea. Akakoroga mapipa mawili mfululizo.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Volkano ya Profesa ilifuka, watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika sauti ilikuwa imebaki nyumbani. Jaji ni daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo. Mama alisimama mbele kabisa, kavaa gauni lake la shughuli, mikono kaificha chini ya mtandio. Nikamweka Bibi Harusi mezani, nikanong'ona matokeo. Daktari akauliza ubavu wa kulia nilipaka nini. Nikafungua mdomo kusema maji. Mdogo wangu, kando ya mama, akaniwahi.

"Sabuni," akasema. "Kaka alimpaka huku tu. Mimi nikawa nampaka na huku, asione wivu."

Ukumbi mzima ukacheka. Profesa alivua miwani apate kucheka vizuri. Daktari hakucheka. Alikuwa ameshaacha kumtazama sungura. Akamwomba mama aonyeshe mikono. Mama akakataa kwa adabu. Akaombwa tena, akaitoa. Vidole vimechanika kwenye viungo, damu imekaukia kwenye mistari. Sikuwahi kuiona hivyo. Huwa inakuja na sahani, nami natazama sahani.

"Sungura ulimnyoa wa nini, mwanangu?" daktari akaniuliza. "Wa kumtazama alikuwa kwenu jikoni."

Mama akadakia kwamba mtoto hana kosa, ni ngozi yake yeye mama tu iliyo laini. Nilitamani volkano ya Profesa inimeze. Ilikuwa imeshazimika.

Jumapili, 9 Juni

Mama kafungwa bandeji mikono yote miwili. Mwezi mzima asiguse pipa. Vifungo vya nguo anafungwa na mdogo wangu.

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Ni mdogo wangu! Mtafiti unaacha boksi wazi, mtoto wa miaka sita anaingia na huruma zake. Safari ijayo nafunga kufuli. Nilikwenda kumwomba Bibi Harusi tuanze upya. Nimemkuta kitandani kwa mdogo wangu, kafunikwa shuka mpaka masikioni. Mdogo wangu hanisemeshi. Basi. Mjomba ana kipara, huyo hahitaji kunyolewa, na mchana hulala fofofo.

Mapipa mawili ya Alhamisi bado yanataka kukorogwa. Nimejitolea. Mama kaniita kutoka chumbani, kasema nivae glovu. Nikamwambia ndiyo, mama. Ziko palepale msumarini. Nizivae, fundi apite anikute, si nitakuwa nimekiri?

Nimekoroga tangu asubuhi. Vidole vinawasha, na kati ya kidole na kidole pameanza kuwa pekundu. Itakuwa ni yule sungura.