WAPS: Herufi Mbili za Kibao cha Edna

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Siku kubwa katika historia ya sanaa. Saa nne asubuhi nimetundika kibao kipya cha baa ya Edna Tuppen. Picha ya nyigu ni ya kutisha: kiuno chembamba, macho ya hasira, mwiba kama sindano ya daktari wa mifugo. Chini yake jina la baa, herufi nne za rangi ya dhahabu. Edna alitokwa machozi. Akasema marehemu mume wake angefurahi. Nikajifanya mnyenyekevu. Kazi ngumu.

Saa sita akapita Mwalimu Wickens na mbwa wake. Wickens ni mwalimu mstaafu, mhariri wa gazeti la parokia, na adhabu ya dhambi zangu nisizozikumbuka. Akasimama. Akatazama juu. Akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu bila mtu mwingine kuumia.

Akaniuliza, kwa upole wote, kama S na P wamegombana.

Nikatazama. Neno letu la Kiingereza la nyigu ni wasp. Kila mtoto wa kijiji chetu cha Nettlehurst analijua kabla hajajua kufunga viatu. Mimi, Horace Pennifold, fundi wa vibao kwa miaka thelathini na mbili, nilikuwa nimeandika WAPS.

Kosa si langu. Kulikuwa na mechi ya kriketi redioni.

Edna akatoka, taulo la vyombo begani. "Horace, nyigu anaandikwa hivyo?"

Hapo ningeweza kusema nimekosea. Watu husema. Nimewasikia. Lakini mdomo wangu huwa haunishauri kabla ya kufunguka. Ukajibu: "Ndivyo walivyoandika wazee wetu, Edna. Nilidhani unajua."

Wickens alicheka mpaka mbwa akaona aibu.

Edna hakucheka. Jumamosi ni uzinduzi rasmi wa kibao, na anakuja Bwana Fairclough wa kampuni ya bia. Jengo ni lao. Inasemekana anatafuta sababu tu ya kuifunga baa na kuliuza. Edna amelala, ameamka na amezika mume akiwa katika jengo hilo. Akaniambia hawezi kumkaribisha Fairclough chini ya kichekesho. Nithibitishe maneno yangu kabla Ijumaa haijaisha. Nikamwambia Ijumaa ni mbali mno kwa mtu kama mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Maktaba ya mjini. Nia: kutafuta kitabu kizito ambacho hakuna atakayekifungua kunihakiki. Nikaletewa kamusi ya kuhitaji meza yake yenyewe.

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikaomba kiti.

Miaka elfu moja iliyopita babu zetu waliandika wæsp. Waliandika pia wæps. Zote mbili! S na P zilikuwa zikibadilishana viti kama watoto kanisani, na hakuna aliyezikemea. Wataalamu wanadhani neno lenyewe ni ndugu wa neno la kufuma, kwa kuwa nyigu hutafuna mti na kujijengea nyumba kama karatasi. Wajerumani humwita Wespe. Warumi walimwita vespa, na Waitaliano wamekipa jina hilo kipikipiki chao, kile kinachovuma sikioni mpaka utamani kukipiga kwa gazeti.

Nilijisikia nimedhulumiwa. Nimedanganya kwa nguvu zangu zote, kumbe nimesema kweli.

Mtu wa akili za kawaida angenakili ukurasa ule na kupanda basi kurudi nyumbani. Lakini kamusi ni ya kila mtu. Wickens angeusoma, angesema "ahaa", na sifa zote zingekwenda kwa kamusi. La! Panahitajika ushahidi wa Nettlehurst penyewe. Wa mbao. Wa kale. Mbao ninazo. Ukale nitautengeneza.

Nikaifunga kamusi. Msimamizi akaniuliza kama nimepata nilichotaka. Nikamjibu: kupita kiasi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimezeesha ubao. Kwanza chai nzito, birika tatu. Kisha moshi wa majani mabichi. Kisha nikaukokota uani kwa kamba kama mbuzi mkaidi. Jirani akauliza kama niko salama. Nikamwambia ni sayansi. Nikaandika WAPS, chini yake 1641, herufi zimekwaruzwa kwa msumari wenye kutu. Ukiutazama kwa mbali unalia kwa uchungu wa karne.

Gazeti la parokia limetoka. Wickens amejaza ukurasa wa pili. Ameorodhesha maana zote za neno: mdudu mwenyewe, mwanamke aliyefungwa mikanda mpaka akabaki na kiuno cha nyigu, mtu mwenye ulimi mkali, na huko Amerika, jina la kejeli kwa Waprotestanti weupe wa koo zenye vyeo. Mwisho kabisa ameongeza: "Waps: kuandika kibao baada ya bilauri tatu za pombe ya matufaha."

Uongo mtupu. Zilikuwa mbili.

Alhamisi, 4 Septemba

Ubao unahitaji mahali pa kugunduliwa. Nimechagua banda la Mzee Amos Akehurst, miaka themanini na saba, mwenye bustani ya matufaha nyuma ya kanisa. Banda halijafagiliwa tangu vita. Sina uhakika ni vita vipi.

Nilimkuta akiokota matufaha yaliyoanguka. Nikamwambia nataka tu kutazama dari ya banda, kwa upendo wa usanifu. Akaniangalia kama ng'ombe anayemwangalia mpiga picha.

"Tazama, kijana." Nina miaka hamsini na minane. "Ila uwe mwangalifu na waps. Wamejaa humo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

"Mama yangu alikuwa akisema waps hawamchokozi mtu anayetembea polepole. Shuleni nilichapwa kwa neno hilo. Kila nikisema waps, fimbo. Lakini mimi nasema hivyo hivyo mpaka le..."

Nikamkatiza. Wazee wakianza habari za mama zao jua linazama, na mimi nilikuwa na ushahidi wa kihistoria chini ya koti. Nikapanda. Nikausukuma ubao nyuma ya boriti. Kulikuwa na kitu kule nyuma ya boriti, cha mviringo, cha kijivu, kikivuma.

Sikutembea polepole.

Nimeumwa mahali saba. Sikio la kulia limekuwa kama mkate wa chachu. Naandika nimesimama.

Ijumaa, 5 Septemba

Ugunduzi mkuu! Nimemwalika Edna, na Wickens ili adhalilike mbele ya shahidi. Mzee Amos akaja bila kualikwa, banda likiwa lake. Nilipoonyesha boriti kwa kidole, akaenda kuuchukua ubao yeye mwenyewe, polepole. Nyigu hawakumgusa hata mmoja. Upendeleo.

Nikatoa hotuba fupi juu ya mafundi wa mwaka 1641. Edna akausoma ubao. Uso wake ukafunguka, nikaona jinsi alivyokuwa hajalala wiki nzima. Akanishika mkono. Kwa sekunde tano nilikuwa mtu mkubwa.

Wickens akaugeuza ubao.

Upande wa nyuma kulikuwa na muhuri wa duka la mbao la mjini. Wa wino wa bluu. Chai haikuwa imeufikia. Wickens akasoma kwa sauti ya kanisani: "Plaiwudi, daraja la pili. Kwa maelezo zaidi piga simu..." Akasoma namba yote, tarakimu moja moja. Akauliza kama mwaka 1641 mtu angepiga asubuhi au mchana.

Edna aliuachia mkono wangu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Bwana Pennifold, mimi nilikuamini." Miaka ishirini ananiita Horace! "Kesho kabla ya saa tatu kile kibao kisomeke kama vya watu wengine. Fairclough akinifungia, nitajua nilifungiwa na nani."

Mzee Amos akauliza shida ni nini hasa. Wickens akamwelezea: neno limeandikwa waps. Amos akasema basi shida iko wapi, waps si ndiyo waps? Wickens akageuka ghafla, akamwomba arudie. Sikungoja. Nilikwenda nyumbani, nikachomoa waya wa simu asije mtu kunifariji kwa matusi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeamka kabla ya ndege. Ngazi, rangi nyeusi, rangi ya dhahabu. Nikafuta herufi mbili za mwisho, nikaziandika upya kwa mpangilio wa watu wote. W, A, S, P. Nikazihesabu kwa kidole. Mara sita. Nikasimama chini kusubiri shukrani.

Saa tatu kasoro Edna akafungua mlango. Akatazama juu. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni kama gunia.

"Horace. Umefanya nini?"

Nikamwambia nimefanya alichosema.

Kumbe Wickens, baada ya kumsikiliza Amos jana mpaka mwisho, alikwenda nyumbani akafungua kamusi yake. Ndiyo, ile ile. Jioni alimpigia simu Edna kukiri kwamba mjinga yule, yaani mimi, amesema kweli kwa bahati mbaya. Akapigia gazeti la wilaya pia. Edna akanipigia mara nane kuniambia nisiguse kitu. Mara nane! Hapo ndipo ubaya wa simu unapoonekana.

Akaja Bwana Fairclough, tai shingoni, na kijitabu. Nyuma yake mpiga picha wa gazeti. Mpiga picha akauliza neno la kale liko wapi. Sote tukatazama juu. Rangi mbichi ilidondoka kutoka kwenye P, ikaangukia kiatu cha Fairclough. Akaandika kitu kwenye kijitabu.

Nikawaza: ndiyo imekwisha. Nikamtazama Edna. Alikuwa akiikunja aproni, anaikunjua, anaikunja. Sikupenda nilivyojisikia. Nililaumu sikio.

Ndipo Mzee Amos akafika kwa mkongojo, akatazama, akauliza kwa hasira ni nani aliyeharibu kibao. Akamwambia Fairclough habari za mama yake, zile zile nilizozikatiza, na safari hii akazimaliza. Fimbo, viganja vilivyovimba, na mama yake kumwambia aseme neno la mwalimu shuleni na neno la nyumbani nyumbani. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mwingine akasema bibi yake pia alisema waps. Mwingine, baba yake. Baa ikajaa kabla ya saa nne, wote wanasema waps kwa sauti, kama watoto wanaotukana wakati wazazi wako safarini.

Norris, seremala wa miaka hamsini, akamgeukia Wickens. "Mimi ulinichapa wewe mwenyewe, Mwalimu. Darasa la pili. Unakumbuka?"

Wickens alikuwa mwekundu kuliko sikio langu. Akavua kofia. "Nakumbuka," akasema. "Ulikuwa sahihi, Norris. Samahani." Norris akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kuketi.

Kwa hiyo inawezekana. Mtu anasema amekosea, na paa halianguki. Nimeliandika hapa kama jambo la ajabu tu.

Fairclough akala pai mbili, akamsikiliza Amos mpaka alasiri, akamwambia Edna kwamba baa iliyojaa namna hii hakuna mwenye akili anayeifunga. Edna akaingia jikoni, akakaa huko dakika tano, akatoka ameosha uso.

Mimi nilitumwa ngazini kurudisha WAPS. Mpiga picha akapiga. Gazeti litamwonyesha Amos, Edna, Wickens, na makalio yangu.

Jioni Edna aliniletea sahani. Akaketi karibu. Akauliza kwa nini sikusema tu, tangu Jumatatu, kwamba nimekosea.

Nikala pai.

Jumatatu, 8 Septemba

Mambo yamenyooka! Sifa zimevuka mto. Mwenye baa ya kijiji cha pili amekuja mwenyewe kuniomba kibao. Baa yake inaitwa Hornet, yule nyigu mkubwa wa misituni. Akaniuliza kama nitahitaji muda wa kwenda maktaba, kwa kuwa amesikia mimi ni mtu wa utafiti.

Nikacheka. Maktaba ya nini? Neno linajieleza lenyewe. Horn ni pembe. Kila mtu anajua. Mdudu aliitwa hivyo kwa sababu ya pembe zake, na mafundi wote waliotangulia, kwa uvivu, wamekuwa wakimchora bila pembe.

Nimeshaanza. Mbili, zimejipinda vizuri, kama za fahali. Mwenye baa akiuliza, nitamwambia ndivyo wazee wetu walivyomchora. Karne ya kumi na saba, nadhani.