Meno Yangu Mbele ya Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya friji yamenipiga jino la kushoto hadi kisogoni. Nikanywa tena, nione. Likapiga tena. Ya uvuguvugu, kimya. Ajabu. Jino lenyewe nimekaa nalo miaka yote hii bila ugomvi. Na Jumamosi wifi yangu anakuja tule aiskrimu. Huyo wa meno ya kuvua na kuvaa. Kila akija namwambia mbele ya ukoo mzima kwamba mimi yangu yameota yenyewe. Nikikunja uso siku hiyo, nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua. Ni uchafu. Nimesugua kwa mkaa na mswaki mgumu, kama ninavyosugua masufuria, na masufuria yangu unajiona uso. Mke wa mwanangu kasema, mama, utayatoboa. Nikamwambia asugue ya kwake, chai ya jana bado naiona.

Jumatano, 6 Machi
Sasa hata upepo unauma. Nimevuta pumzi kwa mdomo mlangoni, kisha dirishani. Dirishani ni zaidi. Nimesugua tena. Limau nalo nimelijaribu. Yaliyotokea siandiki.

Alhamisi, 7 Machi
Wamenipeleka kwa daktari wa meno. Kabinti, mikono baridi. Kanipa kioo: fizi zimerudi nyuma kama mkwe aliyetukanwa, mizizi iko nje. Nikauliza, kwani mzizi una nini? Una vitundu, kasema, havionekani kwa macho, baridi hupita humo hadi kwenye mshipa wa fahamu. Kumbe nimebeba chujio mdomoni! Nikauliza nani kazila fizi zangu. Akauliza nasuguaje. Nikamwonyesha juu ya meza yake. Kalamu zote chini.
Kanipa mswaki laini na dawa ya meno yanayopata ganzi. Nisugue taratibu, niteme tu, nisisukutue. Nikila kichachu, nisubiri kwanza ndipo nisugue. Nafuu ni baada ya wiki kadhaa. Wiki! Na wifi ni keshokutwa.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi kafika, kaomba vijiko vikubwa. Aiskrimu yangu nimeimeza nzima kama kidonge, isiguse jino. Kichwa kikataka kupasuka, machozi yakanitoka. Wote wakanikodolea macho. Nikasema nimemkumbuka marehemu mume wangu. Wifi, maana ni kaka yake, akaangua kilio, meno yakamtoka hadi bakulini.
Nikampa leso. Nimeshinda.

Jumapili, 10 Machi
Mswaki wa daktari ni laini kama manyoya ya paka. Hausugui chochote.
Nimeanza kuushika kwa mikono miwili.