Gari la Babu Linachemka Jangwani

Jumapili, 3 Agosti

Gasketi ya tatu imeungua. Ya tatu! Na Babu Abdulhamid alifariki Januari tu. Gari lake la zamani, tulilorithi, limechemka tena kwenye bonde la Jangwani tukienda kwa shangazi Magomeni. Palepale, kwenye nguzo ileile, saa kumi na robo. Moshi mweupe. Baba akazima injini. Rejeta ikaendelea kuguguma, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Tukangoja. Haikusema.

Fundi Zakayo amekuja kutoka Buguruni. Amerudia yaleyale: gasketi haina kosa, ni hedi ya injini iliyopinda, haiilalii gasketi sawasawa, ikanyooshwe kwa mashine. Baba akamjibu yaleyale: weka tu nyingine. Kisha akaapa kwamba likichemka mara moja tena, analiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Kaka Ridhiwani akatabasamu hadi masikioni. Anataka bodaboda.

Hakuna anayenifikiria mimi. Nyumba yetu hapa Kariakoo ina vyumba sita, wapangaji kumi na tisa na televisheni tano. Kiti cha nyuma cha lile gari ndicho mahali pekee ninapoweza kusoma. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Gari likienda, na mimi nimekwenda.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma sura nzima ya joto kwenye kitabu cha fizikia. Haisemi lolote kuhusu gari linalochagua nguzo.

Nimemhoji Bibi Amira, mjane wa babu, kwa ujanja, kama mtu anayeuliza historia. Amesema kwa miaka thelathini babu hakupita Jangwani bila kusimama pale kunywa kahawa na rafiki yake. Rafiki naye ameshazikwa. Nikauliza ilikuwa saa ngapi. Saa kumi na robo, akishasali alasiri.

Hitimisho la kisayansi: gari si bovu. Linasimama kunywa kahawa.

Jumanne, 5 Agosti

Gasketi mpya imeingia. Hedi haikuguswa. Nimesomea garini mchana kutwa. Ufunguo uko mfukoni mwa baba, dukani. Hata hivyo mshale wa temperecha ulipanda taratibu hadi nusu, ukatulia. Kiti cha dereva kilikuwa cha moto, na gari lilikuwa kivulini.

Ridhiwani akagonga kioo. “We Profesa, unamsomea nani humo?” Nikamwambia najisomea. Akasema ajabu, mbona amesikia nikijibiwa. Mwongo mkubwa. Nimefunga vioo vyote. Kisha nimevifungua.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango!

Bibi ameniletea chupa ya kombe kutoka kwa mwalimu wake: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji. Ninywe asubuhi tatu, akili ifunguke kwa ajili ya mtihani. Nimewaza sana. Akili yangu inaweza kungoja. Mgonjwa ni gari.

Saa sita, baba akiwa dukani, nimefungua kifuniko cha rejeta na kumimina lote. Lilimeza bila kumwaga tone. Kisha likashusha pumzi. Sitii chumvi. Pumzi.

Bibi ameuliza kama nimekunywa. Nimesema limekwisha. Si uongo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Maduka mengi yamefungwa, mitaa kimya, hata sauti ya matairi yetu ilisikika ikirudi kutoka ukutani. Tulitoka saa kumi kwenda Magomeni, mimi na Bibi nyuma. Ridhiwani alitangaza kwamba hatufiki.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Jangwani, gari likajaa harufu ya marashi. Marashi ya babu, aliyojipaka kila Ijumaa. Nikapiga chafya mara tatu. Ridhiwani akaacha kutafuna karanga. Bibi akakisogelea kiti cha dereva, akasema polepole, “Abdulhamid. Karibu.” Baba, aliyekuwa amekalia kiti hicho, hakugeuka. Masikio yake yalitetemeka.

Likachemka kwenye nguzo.

Mimi peke yangu nilitulia, kwa kuwa nilijua: gasketi imepasuka, kombe linaungua ndani ya injini, na kombe hutiwa marashi. Nilijivunia fizikia yangu. Kisha nikakumbuka vyuma chakavu, nikataka kulia.

Zakayo alipofika na kufungua rejeta, maji yalikuwa ya manjano. Akasema hii si kutu, na yeye ni Mkristo, asiulizwe. Bibi akayatazama maji. Akanitazama mimi.

Ndipo akaanza kuamuru. Maji hayo yasimwagwe barabarani watu wakayakanyaga, yakingwe kwenye ndoo akayamwagie asumini yake uani. Gari haliuzwi, mwenyewe bado analitumia. Na hedi ikanyooshwe. Baba, mtu wa miaka hamsini, akajibu, “Naam, mama.”

Zakayo akalalamika kwamba amesema hilohilo tangu gasketi ya kwanza. “Kumbe ningejipaka marashi kwanza ndiyo ningesikilizwa!”

Jumatano, 13 Agosti

Gari limepona. Hedi imenyooka, tumepita Jangwani mara mbili na mshale haukusogea. Ushindi wangu!

Isipokuwa Bibi. Tangu jana yuko kiti cha nyuma, asubuhi hadi magharibi, na tasbihi, chupa ya kahawa na vikombe viwili. Wanawake wa mtaa mzima wanakuja kumsabahi babu dirishani. Kikombe cha pili huwekwa mbele, kwa dereva, na hurudi kitupu. Majirani wanakinywa, nadhani. Ridhiwani ameniambia nikitaka kusoma nikapange foleni.

Nimemwomba Bibi msamaha kwa lile kombe. Amesema aliijua zafarani yake palepale, na amenisamehe. Kinachomshangaza ni marashi. Nikamweleza kwamba yalitoka kwenye kombe. Akasema hapana. Alimkataza mwalimu kutia marashi, kwa sababu yananipigisha chafya. Lilikuwa zafarani na maji tu.

Nimelitafakari hilo kwa dakika mbili. Kisha nimepata mpango.

Babu anaweza kuhama! Nimenunua chupa ya marashi sokoni. Kesho nitanyunyiza stoo ya mkaa, Bibi atasikia harufu, atamfuata mumewe huko, na gari litarudi kwangu. Naandika haya humu stooni, nikipima mahali pa kunyunyizia. Mlango umefungwa. Chupa iko mkononi, kizibo bado hakijafunguliwa.

Nimepiga chafya mara tatu.

Vumbi la mkaa, bila shaka.